Kiti cha Chumba cha Seva

Madale, Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Mwanangu Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeanza hivyo makusudi, ili Mama Mlezi wako akifungua barua hii aone mwandishi ni mtu wa kanisa. Mie mzima, isipokuwa mgongo. Mgongo haujawa wangu tangu mwaka jana tulipomwaga zege la ghorofa moja kule Tegeta. Bibi yako nilimpigia Jumapili iliyopita. Mguu unamsumbua lakini mdomo hausumbuliwi, kwa hiyo ni mzima. Baba yako nilimsikia kwa nyuma akigombana na ng'ombe. Nadhani ng'ombe alikuwa anashinda.

Sasa nikwambie jambo ambalo bibi yako halijui. Yeye anawatangazia watu pale parokiani Muleba kwamba mwanawe Gozbert anafanya kazi ofisini Dar. Sikumdanganya. Nilimwambia niko kwenye ofisi, na ni kweli, nabeba matofali ya kujengea ofisi. Mwaka wa sita huu. Nakwambia wewe kwa sababu uko utawani na hutasema.

Hapa Madale namjengea mama mmoja, Madamu Eliaichi, anayejenga shule ya msingi huku mlimani. Mwezi uliopita alipewa seva na ofisi moja iliyokuwa inahama. Seva ni kompyuta kubwa inayotunza kazi za kompyuta ndogo zote za shule, ndivyo alivyotueleza. Tuliishusha mimi na Kondo, mwenzangu wa zege, mtu wa Kunduchi. Ina uzito unaokaribia mfuko wa saruji. Tukaiweka kwenye kile chumba kidogo cha mwisho. Madamu akauliza, "Kuna mtu hapa anaelewa mambo ya seva?"

Mkono wangu ukanyanyuka. Yustina, mpaka leo sijui nani aliunyanyua.

Kondo akasema kwa sauti, "Huyu? Huyu mhandisi wa zege?" Lakini Madamu alikuwa ameshaniona. Na sababu nakwambia bila kuficha: ndani ya chumba kile kuna kiti. Kiti cha kuzunguka, kina mikono na mgongo wa kuegemea. Madamu akasema, "Gozbert, mashine hii ikifanya kazi kabla shule haijafunguliwa tarehe 13 Januari, wewe ndiye mtunzaji wake, utakaa humu. Ikishindikana, Januari hiyohiyo tunapandisha ghorofa, na wewe unapanda na ndoo."

Kuna jamaa wa Tegeta aliyemwachia Madamu flashi yenye Linux. Alisema mashine ya zamani kama hii haiwezi Windows ya sasa, ila Linux itaiweza, tena hailipiwi. Jamaa ameshahamia Dodoma. Nimeichomeka flashi, nimewasha. Mashine ilipiga kelele mpaka Kondo akatupa karai. Kisha ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, nayanakili: NO BOOT DEVICE. "No" naijua. Hayo mengine sina hakika.

Hapa siwezi kumuuliza mtu, nimeshasema najua. Wewe ulisoma kompyuta mwaka mzima Bukoba mjini, na siku ulipopata cheti tulichinja mbuzi. Sasa mbuzi yule afanye kazi.

Mwandiko nisamehe. Nimekalia ndoo na karatasi iko gotini.

Ni mimi baba yako mdogo,
Gozbert


Nyumba ya Wanovisi, Bukoba
19 Agosti 2024

Shikamoo baba mdogo,

Milele amina. Barua yako imefika baada ya siku kumi na moja. Mama Mlezi, Sista Avelina, ameisoma kwanza kama ilivyo kanuni, na alipofika kwa ng'ombe alicheka, jambo ambalo sisi wanovisi, tunaojiandaa kuwa masista, hatujawahi kuliona. Mimi ni mzima. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunasali, tunalima, tunasali. Simu haturuhusiwi mwaka wote huu, na barua ni ukurasa mmoja tu, ndiyo maana nitaandika kwa kubana.

Maneno uliyonakili yanasema mashine haijaona pa kuanzia. Flashi iko, lakini haijaambiwa itazame huko. Zima. Washa tena, na mara tu kioo kinapopata mwanga, bonyeza F11 mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya kiziwi. Itakuja orodha. Shuka kwa mshale hadi kwenye jina la flashi, kisha Enter. Ikikataa, hamishia flashi kwenye tundu la nyuma.

Halafu niandikie: taa za mbele zina rangi gani? Ndani kuna diski ngapi? Zihesabu kwa nje. Usifungue kifuniko.

Kuhusu cheti changu, baba mdogo, ulikuwa mwaka mmoja tu, na mambo mengi nimesahau.

Mwanao,
Yustina

(Kwa kalamu nyekundu, pembeni: "Usifungue kifuniko." Na mstari chini yake mara mbili.)


Madale
8 Septemba 2024

Mwanangu Yustina,

Nakusalimu wewe, namsalimu na mwenye kalamu nyekundu. Huku tuko salama. Kondo amefunga ndoa ya pili, mke wa kwanza akamfukuza, akarudi kwao Kunduchi wiki mbili, sasa yuko hapa tena na hasemi na mtu. Madamu amepaka rangi madarasa mawili, la manjano na la kijani. Bibi yako anauliza kama ofisini kwangu kuna dirisha. Nimemwambia linawekwa.

F11 imefanya kazi! Nilibisha hodi mpaka kidole kikafa ganzi. Kwenye tundu la mbele ilikataa, la nyuma ikakubali. Ikaja Linux, ikaniuliza lugha, nchi, jina la mashine. Nimeiita Muleba. Nikasonga mbele kwa Enter kama mtu mwenye cheo, hadi mahali ikasema haioni diski yoyote ya kujiweka. Nazo ziko nne, nimezihesabu kwa nje, zimepangwa mbele kama droo. Tatu zina taa ya kijani. Ya tatu kutoka kushoto ina taa ya rangi ya chungwa, inakonyeza.

Jambo jingine ni kelele. Inapowaka, feni zake zinaunguruma dakika nzima kabla hazijatulia, na hapa mlimani sauti inasafiri. Alhamisi alikuja jirani, Mama Mauwa, na debe la mahindi kichwani.

"Kaka, mmefungua mashine ya kusaga hamsemi?"

Nikamwambia, "Mama Mauwa, hii haisagi, ni kompyuta."

"Sawa. Kilo mnachukua kiasi gani?"

Nikamweleza tena. Akanitazama kama mtu anayenyimwa. Akasema, "Haya, mkianza mniambie," akaliacha debe mlangoni ili awe wa kwanza kwenye foleni. Mpaka leo liko hapa. Kuku wa Madamu wamelizoea.

Niambie la kufanya juu ya diski.

Baba yako mdogo,
Gozbert


Bukoba
23 Septemba 2024

Shikamoo baba mdogo,

Asante kwa jina la mashine. Baba alikuja kututembelea Jumapili ya wageni akaleta ndizi mikungu miwili. Bibi mguu umepoa kidogo.

Diski zako nne ni vibarua, na mbele yao kuna msimamizi. Ni kifaa kilicho ndani ya seva. Msimamizi huyo hamwonyeshi mtu kibarua mmoja mmoja, anaonyesha kikosi kilichoandikishwa. Kikosi cha zamani kimevunjika, ndiyo maana Linux inaambiwa hakuna mtu. Uandikishe kipya. Washa, na baada ya kelele kutulia utaona mstari unaotaja Ctrl na R. Bonyeza zote mbili kwa pamoja. Ukiingia, futa kikosi cha zamani (vilivyokuwemo vitapotea, muulize Madamu kwanza), unda kipya cha diski tatu za kijani, chagua aina namba 5. Aina hiyo, mmoja akiugua baadaye wawili wanashika zamu yake. Yule wa taa ya chungwa mwache nje, ni mgonjwa tayari. Kisha anza tena kuweka Linux, na ikianza kujiweka usiiguse mpaka imalize.

Usifungue kifuniko.

Mwanao,
Yustina

(Kalamu nyekundu: "Debe la mahindi liondolewe. Panya.")


Madale
20 Oktoba 2024

Mwanangu Yustina,

Habari za siku nyingi. Mvua za vuli zimeanza kutia nia. Debe nilimrudishia Mama Mauwa, akapokea akaguna. Mbuzi wa jirani wa chini wamezaa mapacha. Mie nakohoa kidogo kwa vumbi lakini si sana. Kondo ameanza kusema.

Kikosi kimeandikishwa. Madamu alisema vya zamani vifutwe tu, si vyake. Nikaianza Linux Jumamosi asubuhi, ikaziona diski, ikaanza kujiweka. Niliketi kwenye kile kiti, Yustina. Niliketi kujaribu tu. Ikafika asilimia sitini na moja saa nne kamili, umeme ukakatika.

Umeme ukarudi saa kumi na moja jioni. Nikawasha. Mashine sasa haionyeshi kitu, kioo cheusi tii, ila inalia: pi moja ndefu, inanyamaza, pi tatu fupi, inanyamaza, inarudia. Imeanza yenyewe. Huenda umeme ulirudi kwa nguvu. Huenda ni joto. Huenda ni wale mbuzi, maana walikuwa karibu.

Nisaidie upesi.

Gozbert


Bukoba
Sikukuu ya Watakatifu Wote, 2024

Shikamoo baba mdogo, na pole na kikohozi.

Kabla ya jibu nina maswali matatu.
Moja: unapowasha, feni zote zinazunguka?
Mbili: je, ulifungua kifuniko?
Tatu: kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni ulikuwa unafanya nini?

Swali la tatu si langu, ni la Mama Mlezi. Anasema mbuzi hawalizi seva.

Huku senene wameanza kuonekana. Nilitaka kukutumia wachache ndani ya bahasha, sikuruhusiwa.

Yustina


Madale
17 Novemba 2024

Mwanangu Yustina,

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote, hasa Mama Mlezi, anayefanya kazi kubwa ya kulea wasichana. Senene umenitamanisha. Hapa mtu akiwaona atafikiri panzi, nimekaa na watu wasiojua utamu.

Swali la kwanza: ndiyo, feni zote zinazunguka, nimezihesabu, ni sita.

Nimejaribu mengi. Nimebadilisha waya wa umeme. Nimebadilisha kioo. Nimeilaza, nimeisimamisha. Nimeiacha siku tatu imezimwa ipumzike, kama tunavyofanya kwa zege bichi. Nilipowasha ikalia palepale, pi, pi-pi-pi.

Madamu alipita Ijumaa. Akasikiliza. "Gozbert, inasema nini?"

Nikamwambia, "Inajipanga, Madamu."

Akatikisa kichwa. Akanionyesha karatasi ya watakaopandisha zege la ghorofa Januari. Mafundi wanne na saidia fundi kumi na moja. Jina langu ni la saba, kwa penseli. Akasema tarehe 13 atalifuta au atalipitishia wino. Yustina, jana nilibeba ndoo arobaini tu za maji nikashindwa kujifunga viatu. Kondo ndiye aliyenifunga, na hakunicheka. Kondo asipocheka ujue ni msiba. Sina Januari nyingine ya ndoo.

Nifanyeje?

Baba yako mdogo


Bukoba
27 Novemba 2024

Gozbert,

Anayeandika ni Sista Avelina. Yustina yuko shambani, na ataongeza yake chini.

Hii ni mara ya pili unaulizwa kama ulifungua kifuniko. Kwanza ulitupa habari za mbuzi, na ulipoulizwa ukajibu kwa senene. Nimelea wanovisi miaka ishirini na moja. Mtu anayejibu swali la kwanza na kuruka la pili, la pili ndilo lenye dhambi. Mashine iliyofika asilimia sitini na moja haiwi kiziwi kwa kukatika umeme tu. Pi ndefu moja na fupi tatu ni mashine isiyoipata kumbukumbu yake. Kumbukumbu hazitoki zenyewe mahali zilipo. Mtu amezigusa.

Andika ukweli wote, kwa utaratibu, bila mifugo. Sitakusuta. Lakini bila ukweli siwezi kutengeneza kitu kilicho mbali siku kumi na moja.

Sr. Avelina

Shikamoo baba mdogo. Na mimi nina la kuungama, Mama Mlezi amesema nisikutake ufanye nisichofanya. Cheti changu kilikuwa cha kuchapa barua na kupanga majedwali. Seva sikuwahi kuiona. Mliposema mmechinja mbuzi niliona aibu, nikaacha mwendelee kuamini. Kila nilichokuandikia tangu Agosti amenifundisha Sista Avelina. Alitunza kompyuta za hospitali ya misheni miaka kumi na tisa, mpaka macho yalipochoka. Nisamehe. Y.


Madale
8 Desemba 2024

Sista Avelina, shikamoo. Na wewe Yustina.

Nitaandika bila mifugo, ila Mama Mauwa lazima awemo, si mfugo.

Umeme ulipokatika saa nne nilikaa pale nikingoja. Akaja Mama Mauwa. Hana debe safari hii, amekuja kukagua. Akachungulia matundu ya nyuma ya mashine, akavuta vumbi kwa kidole, akanionyesha. Akasema, "Kaka, uchafu huu unga si utatoka na mchanga? Ndiyo maana hamfungui. Ifunue uisafishe, watu tunangoja."

Nikamwambia kwa mara ya kumi, haisagi. Akasema, "Isage isisage, uchafu ni uchafu."

Sista, hapo alinishinda. Nikawaza Madamu naye akija kuona vumbi lile atasema huyu ndiye mtunzaji? Nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na vumbi la kupanda mchicha. Nikalitoa kwa brashi ya rangi, mpya, kavu. Kuna vile vibao vyembamba vilivyosimama wima, vyenye meno ya dhahabu, vinane. Nikavichomoa kimoja kimoja, nikavifuta kwa kitambaa kikavu, nikavipanga sakafuni kwenye gazeti.

Kurudisha ndipo palipoharibika. Nafasi ziko kumi na sita, vibao vinane, na sikuweka alama. Vinne vina namba 8 ubavuni, nikaviita vikubwa. Vinne vina namba 4. Mie kazi yangu ya maisha ni ukuta. Ukuta hauwekwi kiungo juu ya kiungo, tofali la juu hulalia maungio ya yale ya chini, la sivyo unapasuka. Basi nikavipanga hivyo. Upande wa kushoto nikaanza na kujaza, nikaacha nafasi, nikajaza. Upande wa kulia nikaanza na kuacha. Kikubwa, kidogo, kikubwa, kidogo, na kwenye pembe nikaweka vikubwa maana kona ndiyo inayobeba nyumba. Sista, ulikuwa mpango mzuri. Fundi yeyote angenipa mkono.

Ndivyo nilivyofanya kutoka saa nne hadi saa kumi na moja. Sikusema kwa sababu mlishaniandikia mara tatu nisifungue, moja kwa wino mwekundu.

Yustina, mbuzi yule tulimla na alikuwa mtamu. Hatumdai mtu mbuzi. Mie nimemwambia mama yangu niko ofisini miaka sita, wewe ni nani nikusute?

Zimebaki wiki tano.

Gozbert


Bukoba
18 Desemba 2024

Gozbert,

Umeandika vizuri. Laiti ungeandika hivi Oktoba.

Ukuta wako ni sahihi, mahali si penyewe. Zile ni kumbukumbu za mashine, na hazibebi uzito. Zinafanya kazi kama wanandoa, wawili wa aina moja, kila jozi mahali pake. Fanya hivi.

Zima, chomoa waya wa umeme kabisa, subiri dakika tano. Gusa bomba la chuma kwanza, ili mwili wako usiwe na umeme. Toa vibao vyote. Meno ya dhahabu yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, pulizia vumbi la kifutio. Katikati ya mashine utaona vichwa viwili vya chuma kama majiko madogo, hizo ndizo akili zake. Kila kimoja kina nafasi nane, nne kila ubavu. Baadhi ya nafasi zina vishikizo vyeupe. Weka kwenye vyeupe tu, ukianzia iliyo karibu zaidi na kichwa. Kila kichwa kipate vibao vinne: viwili vya 8 kwanza, kisha viwili vya 4. Sukuma mpaka vishikizo vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe, tak. Visipojifunga, hujafika. Yustina amekuchorea upande wa pili wa karatasi hii.

Kuna betri ndogo ya duara kama ya saa. Miaka hii yote itakuwa imekufa, na mashine itasahau tarehe kila ukiizima. Nunua nyingine kwa fundi saa, uiweke, kisha upange tarehe kwa mkono.

Halafu anza Linux upya tangu F11. Ikifika asilimia sitini na moja, mtu asikukaribie na debe.

Noeli njema. Tunakuombea, na pia tunaiombea mashine, ingawa sina hakika kama inaruhusiwa.

Sr. Avelina


Madale, chumba cha mwisho
12 Januari 2025

Mwanangu Yustina, na Mama yetu Sista Avelina,

Heri ya mwaka mpya, japokuwa umeshaanza kuzeeka. Barua yenu ya tarehe 18 imenifikia Alhamisi iliyopita, tarehe 9. Ilikula Noeli njiani. Siku hizo zote nilikuwa nakwenda posta Tegeta na kurudi mikono mitupu, na mbao za ghorofa zikawa zinashushwa hapa nje, naziona zinapangwa.

Alhamisi hiyohiyo nilifanya yote. Kifutio nilikata kwenye penseli ya Madamu, ileile iliyoandika jina langu la saba. Vibao vikaingia, tak, tak. Betri nikanunua Tegeta kwa fundi saa. Kondo alisimama mlangoni kama askari, kazi yake ilikuwa moja, kumzuia Mama Mauwa. Nikawasha. Kelele ya kusaga ikaja. Nikangoja pi. Ikaja moja, fupi, ikanyamaza kabisa. Kondo akauliza, "Imekufa?" Nikasema sijui. Kisha kioo kikawaka.

Kwenye kupanga tarehe, mashine ilidhani ni mwaka 2009. Niliutazama mwaka ule kwa muda. Mwaka 2009 nilikuwa nabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo na kupiga mluzi. Kisha nikaufuta, nikaandika 2025.

Linux ilijiweka yote. Asilimia sitini na moja tuliipita tumeshikana mikono, mimi na Kondo, usimwambie mtu. Ilipojiwasha upya, juu ya kioo wakatokea ndege wanene, weusi, matumbo meupe, wanane, wamepanga mstari kama wanakwaya wanaongoja kinanda. Nilidhani nimeharibu, mpaka Kondo aliponionyesha mmoja kama wao kwenye chapa ya flashi ya Linux. Kumbe mistari ikashuka chini yao, na mwisho ikaandika: Muleba, ikangoja niingie.

Ijumaa kompyuta kumi za darasa la manjano zikaunganishwa, zote zinaiona Muleba.

Jana nilimfuata Madamu. Sista, ulinifundisha kuandika ukweli, nikaona niuseme na kwa mdomo, maana kukalia kiti kwa uongo ni kama kukalia ndoo. Nikamwambia, "Madamu, mie sijui kompyuta. Aliyejua ni sista wa Bukoba, kwa barua."

Akacheka mpaka akavua miwani. "Gozbert, siku ya kwanza uliniuliza swichi iko wapi. Unadhani sikujua?"

"Sasa mbona uliniachia?"

"Wanaojua nilishawapeleka watatu kuiona kulekule ilikotoka. Wote waliniambia niitupe, na yule wa flashi alihama kabla ya kuijaribu. Wewe peke yako ndiye ambaye hukujua kwamba ni ya kutupwa."

Akachukua ile karatasi. Akatafuta kifutio kwenye penseli yake, hakukiona, akanitazama. Basi akakata jina langu kwa wino. Wa saba sasa ni mtu mwingine, Mungu amsaidie mgongo.

Mama Mauwa alikuja jioni kumwandikisha mjukuu wake darasa la kwanza. Akasikia mashine, akanikuta nimeketi. Akasema, "Wewe umekaa tu, nani anasaga?" Nimeacha kumweleza.

Mwandiko wangu mnauona leo? Umenyooka. Naandika juu ya meza, nimeegemea.

Usiku wa jana nilimpigia bibi yako. Nilitaka awe wa kwanza. Nikamwambia, "Mama, kuanzia Jumatatu nafanya kazi ofisini."

Nilimsikia anahamisha mguu. Kisha akauliza, "Kwani miaka sita yote ulikuwa wapi?"

Yustina, seva niliipatia jibu kwa miezi mitano. Hili nililijibu kwa pumzi moja. Nikamwambia, "Nilitoka nje kidogo, mama. Nimerudi."

Akasema, "Basi usitoketoke. Kiti kikiachwa wazi mtu atakikalia."

Ni mimi, nikiwa nimekaa,
Gozbert